Kilichomrudia Mama hakikuwa ugonjwa

Mama yangu hajawahi kununua kidonge cha usingizi kwa kificho. Kila kidonge alichomeza kwa miaka ile kiliandikwa kwenye daftari lake la hospitali, kikatolewa dirishani ndani ya kile kibahasha cha karatasi chenye maandishi ya kalamu: 1 x 1 usiku. Naanza na hili kwa sababu nikisimulia habari hizi nyumbani Tukuyu, au hapa Iringa ninakofundisha, swali la kwanza huwa ni lile lile: alizitoa wapi? Watu husubiri nitaje kijiwe, au muuza dawa asiye na leseni. Alizipata pale pale unapopata dawa ya malaria.

Baba alifariki kipindi cha masika. Anayeijua Rungwe, wilaya yetu ya Tukuyu, anajua masika ya kule: mvua inaanza kabla hujaanika nguo, na usiku inapiga bati hadi mnaongea kwa kupaza sauti. Msiba ulipokuwepo nyumba ilijaa watu, Mama hakupata hata nafasi ya kuwaza. Matanga yalipoanuliwa kila mtu akarudi kwake, naye akabaki na kitanda kipana na mvua juu ya kichwa. Akawa halali. Akienda kulala saa tatu, saa nane yuko macho, moyo unamwenda mbio. Kaka yangu akampeleka hospitali, akaandikiwa diazepamu ya miligramu 5, kidonge kimoja kila usiku.

Na ilimsaidia, hilo lazima niliseme. Usiku wa kwanza alilala hadi wifi yangu akamwamshia chai. Kwa mjane aliyekesha wiki nzima, ile ilikuwa huruma. Nisingependa mtu asome makala haya akaenda kutupa diazepamu iliyoko kwenye kabati la zahanati. Ndiyo inayokatisha degedege la mtoto usiku wa manane, ndiyo inayolegeza misuli ya mgonjwa wa pepopunda, na kwa siku chache za mshtuko mkubwa ina kazi yake. Kilichonisukuma kuandika kilianza baada ya zile siku chache.

Kwenye daftari lile, kila alipoenda kliniki ya presha, kulikuwa na neno moja: endelea. Hakuna aliyeandika hadi lini. Baada ya miezi kadhaa kidonge kimoja kikawa hakimfikishi alfajiri, akaeleza hivyo, vikawa viwili. Baadaye vikawa vitatu, yaani miligramu 15. Aliyeandika hakuwa mtu mmoja. Kila aliyekuwa zamu alikuta dozi ya mwenzake, akaiendeleza au akaiongeza, akaita mgonjwa anayefuata. Sijui nimlaumu nani hasa katika mnyororo ule, ila najua mwanamke aliyepita miaka sitini hakupaswa kuachwa ndani yake.

Hata matatizo yalipoanza, yalipewa majina mengine. Alianguka akishuka mgombani, ikasemwa ni utelezi, maana udongo wa kule ukilowa hata kijana anaanguka. Akaanguka tena ukumbini, kwenye sakafu kavu. Akawa anasahau jina la mjukuu katikati ya sentensi, ikasemwa ni uzee. Akaacha kwaya, ikasemwa bado ana majonzi. Dawa hizi kwa mtu mzima hufanya yote hayo: huvuruga mizani ya mwili, hupunguza kumbukumbu, humfanya mtu awe mzito. Mzee akianguka akavunjika nyonga, mara nyingi hasimami tena kama alivyokuwa, kwa hiyo mimi kuanguka kule kunanitisha kuliko mambo mengine yote niliyoyaona.

Baadaye nilisoma sana kuhusu kundi hili la dawa, linaloitwa benzodiazepini. Ya kwanza, Librium, iliingia sokoni mwaka 1960, ikitokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach kwenye maabara ya kampuni ya Hoffmann-La Roche, Nutley, jimbo la New Jersey, Marekani. Mwaka 1963 ikaja Valium, ambayo ndiyo diazepamu yenyewe. Kabla yake madaktari walitegemea babitureti, dawa ambazo ukizidisha kidogo tu zinazima pumzi, kwa hiyo hii mpya ilipokewa kwa furaha. Ilionekana salama. Miaka ya 1970 ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoandikwa kwa wingi kabisa Marekani. Ilichukua muda watu kukubali kwamba mtu anaweza kumeza dozi ile ile aliyopewa na daktari, bila kuzidisha hata nusu kidonge, na bado mwili wake ukashindwa kuishi bila hiyo dawa. Uingereza, mwaka 1988, kamati ya usalama wa dawa iliwaambia madaktari wasizidishe wiki mbili hadi nne. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito zaidi kuhusu utegemezi na hatari ya kuacha ghafla liwekwe kwenye maelezo ya dawa zote za kundi hili. Wiki nne, wamesema. Mama alikuwa kwenye mwaka wa nne.

Namna mwili unavyonaswa inaeleweka vizuri. Ubongo una kemikali yake ya kujituliza, wanaiita gaba. Benzodiazepini haileti utulivu kutoka nje, inaipa gaba nguvu zaidi. Fikiria lori la mizigo linaloteremka mlima Kitonga. Dereva ana breki zake, halafu anakuja mtu mwingine anakanyaga breki pamoja naye, kila siku, miezi na miezi. Dereva analegeza mguu wake, kwa nini ajisumbue? Ubongo nao hupunguza uwezo wake wa kuitikia gaba, kwa kuwa msaada upo. Ndiyo maana kidonge kimoja kikawa hakitoshi. Na siku yule msaidizi akiondoa mguu ghafla, katikati ya mteremko, dereva hana breki za kutosha.

Siku hiyo kwetu ilikuja kupitia watu wenye nia njema. Kulikuwa na mkesha wa maombi, mgeni mmoja akamwambia Mama kwamba anayemtegemea Mungu hategemei vidonge. Mama ni mtu wa imani kuliko sisi wanawe wote. Alirudi akavitumbukiza chooni, kibahasha na vyote vilivyomo. Siku mbili za kwanza zilipita salama, hata ushuhuda ukatolewa. Diazepamu hutoka mwilini polepole mno: nusu yake huchukua kati ya saa 20 na 100 kupungua, na mabaki yake yanayoendelea kufanya kazi hukaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani amepona huku dawa ingali ndani yake. Kuelekea mwisho wa juma akaanza kutetemeka mikono, jasho likimtoka katika baridi ile ya Juni. Hakulala kabisa. Akawa anasikia watu wanaongea nje. Kisha, akiwa jikoni na wifi, akaanguka akakamaa, macho yakapinduka, povu likamtoka.

Zikaja tafsiri. Wako waliosema kifafa, wako waliosema pepo limekasirika, na mzee mmoja wa ukoo akasema ni marehemu anadai. Wifi, ambaye shule yake iliishia la saba na ambaye namheshimu kuliko maprofesa, alikuwa na hoja moja tu aliyoirudia kwa kila aliyeingia: Mama hakuwa hivi mpaka alipoacha zile dawa. Akasimamia hapo mpaka kaka akakodi gari la Mbeya.

Hospitali ya rufaa tulikutana na daktari wa afya ya akili, kijana, mpole, aliyemwamkia Mama shikamoo kabla ya kufungua daftari. Hakuanza na kipimo cha kichwa. Aliuliza: "Mama, unatumia dawa gani, tangu lini, na mara ya mwisho umemeza lini?" Wifi akajibu yote matatu. Daktari akafunua kurasa nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, endelea, endelea, na nikamwona akikunja midomo. Alitueleza bila kumsema mwenzake yeyote kwamba degedege lile lilitokana na kukatisha dawa, kwamba wapo wanaokufa hivyo, na kwamba Mama atarudishwa kwenye dozi yake kwanza, kisha atashushwa taratibu.

Halafu akasema jambo ambalo laiti kila kliniki ya vijijini ingelisema. Alisema njiani humo Mama atapata wasiwasi, atakosa usingizi, moyo utamwenda mbio, na kila mtu nyumbani, pamoja na Mama mwenyewe, atasema: unaona, ugonjwa umerudi, anahitaji dawa. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Dalili za kuikosa dawa hufanana na zile zilizompeleka mtu hospitali mara ya kwanza. Akimeza kidonge zinatulia, na kutulia kule kunachukuliwa kuwa ushahidi kwamba bila dawa hawezi. Anarudi kwa dozi kubwa zaidi na miaka mingine inapita.

Tulimuuliza tutatofautishaje. Akasema tuangalie wakati: dalili zinazopanda siku chache baada ya kushusha dozi, kisha zikapungua zenyewe, hizo ni za dawa. Tuangalie pia mambo ambayo hakuwa nayo kabla. Mama hakuwahi, hata katika siku mbaya za msiba, kuhisi kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi ya miguu, wala ladha ya chuma mdomoni, wala mwanga wa dirishani kumchoma macho. Hayo yalikuja na kushusha dozi. Na mvua! Bati lile lile alilolala chini yake tangu aolewe likawa adhabu. Sauti zilimwingia zimekuzwa. Alikaa na kitenge amejifunga masikioni, akisema mvua inampiga yeye. Kaka akakata matawi ya mparachichi yaliyokuwa yakigonga paa, akapigilia dari la mbao juu ya chumba chake. Ni matibabu ambayo huwezi kuyakuta kwenye cheti cha daktari, na yalisaidia.

Mpango wenyewe haukuwa na uchawi wowote. Miongozo ya siku hizi hushauri kupunguza kama asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki mbili mpaka nne, huku mgonjwa akisikilizwa. Heather Ashton, profesa aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi huko Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, alifika huko huko baada ya kukaa na wagonjwa wake: taratibu, na mwendo upangwe na mgonjwa. Wanaotumia aina zinazoisha haraka mwilini, kama lorazepamu au alprazolamu, mara nyingi daktari huwahamishia kwanza kwenye diazepamu kwa kuwa haishuki kwa kishindo. Mama alikuwa tayari kwenye diazepamu, hatua hiyo hatukuihitaji.

Ugumu ulikuwa kwenye vipande. Kutoka miligramu 15 alianza kushuka kwa robo ya kidonge cha 5, yaani 1.25. Wifi alikuwa na wembe mpya wa kazi hiyo tu na kisosi cha bluu. Aliweka kidonge kwenye kisosi, mstari wake ukiwa juu, akakandamiza wembe kwa vidole viwili, tak, nusu mbili; kisha kila nusu tena. Kidonge hakikatiki sawasawa hata ukiwa fundi, kuna robo nene na robo iliyobomoka. Akabuni utaratibu: robo za kidonge kimoja zitumike mfululizo kabla ya kukata kingine, ili ya leo ikizidi, ya kesho ifidie. Na ule unga uliobaki kisosini Mama aliuokota kwa ncha ya kidole chenye mate. Walipofika 10, robo ya kidonge cha 5 ikawa hatua ndefu mno, daktari akawaandikia vidonge vya miligramu 2. Hivyo Tukuyu havikupatikana, ikawa kupanda kosta hadi Mbeya kuzunguka famasi za Mwanjelwa. Miligramu 9 ni kidonge kimoja cha 5 na viwili vya 2, wifi aliyakariri mahesabu hayo yote. Chini ya 5 wakawa wanashuka nusu miligramu kwa mara moja.

Yote yaliandikwa kwenye kauntabuku: tarehe, dozi, saa alizolala, na safu ya mwisho ambayo wifi aliipa jina la "hali". Nimelisoma daftari lile likizo moja, nimeketi barazani. "Hali: amelia bila sababu." "Hali: amekataa wali." "Hali: ameuliza kuku wangapi wametotolewa." Siku ya kuku ilikuwa wiki mbaya, wasiwasi umepanda, na bado katikati yake kulikuwa na asubuhi moja ya mtu mzima aliyetaka kujua habari za kuku. Dalili hizi huja kwa mawimbi. Kama huandiki, wimbi linakuaminisha kwamba hujawahi kuwa na siku nzuri.

Kuna wiki ambazo daktari alisema tusishuke, tukae pale pale. Hakutaka turudi juu kila mara Mama alipolalamika, wala hakutaka tumkimbize. Kulikuwa na ndugu waliodhani kusimama ni kushindwa. Wakati mdogo wangu wa Dar alipopiga simu akisema "mwaka mzima mnakata vidonge, si aache tu," nilimjibu kwa ukali ambao hadi leo nauona ulistahili. Alikuwa hajaona lile degedege.

Vitu vya kawaida vilikuwa na uzito wake. Rungwe ni nchi ya chai, na Mama alikunywa chai ya rangi nzito mpaka usiku. Ilihamishiwa asubuhi, jioni akawa anakunywa maji moto na tangawizi. Alitembea hadi barabarani na kurudi kila alasiri, mvua ikiruhusu. Aliamka saa ile ile hata kama hakulala, jambo alilolichukia sana. Pombe ilikatazwa kabisa, na hili nalisisitiza kwa wasomaji wa Iringa na Njombe wakati wa ulanzi, na kwa wa Mbeya wenye kimpumu chao: pombe inagusa mfumo ule ule wa ubongo, na ikichanganyika na dawa hizi pumzi inaweza kukatika usingizini. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini nazo ni hivyo hivyo. Wako pia wanaoacha vidonge kwa kuhamia kwenye bia, wakaamini wamepona.

Jambo lililomuumiza Mama kuliko kutetemeka ni maneno. Mtu wa karibu alisema, Mama akisikia, kwamba nyumba ile sasa ina teja. Mama hakutoka nje siku kadhaa. Nina huruma na hao vijana wanaoitwa mateja pia, nao ni wagonjwa wanaostahili tiba. Lakini Mama hakuwa anatafuta raha, hakuwahi kuiba, hakuwahi kumdanganya daktari. Alitii. Mwili wake ukazoea kile alichoambiwa akimeze, kama mwili wangu au wako ambavyo ungezoea. Mchungaji wake, nashukuru, alifika nyumbani kumwona na kumwambia mbele yetu kwamba kumeza dawa kwa utaratibu wa daktari si upungufu wa imani. Ile kauli ilimsaidia Mama kulala vizuri kuliko tangawizi.

Kama uko kwenye njia hii au una mzazi aliyeko, tafadhali usichukue namba zangu ukazifanya zako. Mwenye kifafa, mjamzito, mnywaji wa pombe, aliyewahi kupata degedege alipoacha, hawa wanahitaji uangalizi wa karibu zaidi, wengine wakiwa wamelazwa. Mtu akiweweseka, akiona visivyokuwepo, akikakamaa, au akizungumzia kujitoa uhai, ni hospitali saa hiyo hiyo, si kesho. Na kama ndiyo kwanza unaandikiwa leo, una haki ya kumuuliza anayeandika, kwa heshima zote: nitumie siku ngapi, na nitaachaje? Akikosa jibu, muombe akuelekeze kwa anayelijua.

Nusu miligramu ya mwisho Mama aliing'ang'ania. Daktari alicheka naye, akasema hakuna treni inayomsubiri, akae nayo. Alikaa nayo. Alipoiacha kulikuwa bado na mawimbi kwa miezi, madogo zaidi na yanayopishana mbali zaidi, na mpaka sasa kuna usiku anaamka saa tisa akakaa. Amerudi kwaya, sauti ya pili. Haanguki.

Mwezi uliopita jirani yake, mama wa makamo aliyefiwa na mwanawe, alikuja na kibahasha chake kuazima wembe na kisosi. Amesikia kwamba kwetu watu huachishwa. Mama alikipokea kile kibahasha, akasoma maandishi, akamuuliza ameanza lini. Mwaka juzi. Hakumpa wembe. Alimwambia asiache hata kimoja kwanza, na Jumanne wakapanda kosta ya Mbeya pamoja, wakiwa na daftari la hospitali la yule mama na kauntabuku mpya ya wifi.